Mboga za majani za kugandisha: lazima zipite maji ya moto?

Ndiyo, kama zitakaa friza zaidi ya wiki chache. Baridi haiui vimeng'enya vya kwenye majani (kemikali za asili zinazobadili rangi na ladha yake), inavipunguza kasi tu; maji ya moto ndiyo huvizima. Ndiyo maana spinachi iliyogandishwa mbichi hupoteza rangi na kuanza kunuka kama nyasi kavu.

Chemsha maji mengi, kama lita 8 kwa nusu kilo ya majani yaliyooshwa. Tumbukiza, subiri maji yachemke tena, ndipo uhesabu dakika 2 (majani magumu, 3). Opoa, tia mara moja kwenye maji ya baridi sana kwa muda uleule, la sivyo yanaendelea kuiva. Kisha kamua sawasawa kwa mkono. Wengi huharibu hapa: maji yakibaki, utapata bonge la barafu na mboga rojorojo. Funga vifungu vya mlo mmoja mmoja, toa hewa. Kwenye nyuzi -18 hukaa vizuri miezi 8 hata zaidi.

Vitunguu na pilipili hoho havihitaji haya, katakata ugandishe. Ukipika, usiyeyushe kwanza, tia sufuriani moja kwa moja.