Usiulize mwaka, uliza alikuwa anafanya nini

Mwanangu,

Umeuliza kama tuandike 1942 kwenye kaburi la bibi yako, kwa kuwa ndivyo kitambulisho kinavyosema. Mwaka ule aliuweka karani aliyemtazama usoni tu, akaongeza "1 Januari" mbele yake. Bibi yako alinyamaza. Mpaka leo inaniuma, maana hakuulizwa hata swali moja.

Asiye na cheti haulizwi mwaka, huulizwa alikuwa anafanya nini. Vita vya Hitler vilipokwisha 1945, mjomba wake aliporudi kutoka Burma na koti la Keya, jeshi la Waingereza la Waafrika, bibi yako alikwenda kumpokea na mdogo wake mgongoni. Kazi hiyo msichana huianza na miaka saba, nane, na akishavunja ungo humwachia mwingine. Matrekta ya mradi wa Waingereza wa kulima karanga yalipoingia Kongwa 1947, alikuwa akijitwisha debe zima. Debe ni lita 18, na aliye chini ya miaka 12 hujaziwa nusu. Basi ni 1935 au nyuma kidogo. Ila angalia: mradi ule ulikwenda mpaka 1951, na wengi wakisema "wakati wa karanga" huichanganya miaka yote hiyo. Yeye alisimulia matingatinga yaking'oa mibuyu na nyuki wakiwatimua madereva. Hayo ni ya mwanzoni kabisa, kabla udongo haujawakaukia mgumu kama saruji na karanga zikagoma kutoka ardhini.

Kisha pima kutoka upande wa pili, Desemba 1961. Siku ya Uhuru baba yako mdogo alikuwa mchanga. Hapa ndipo watu wanapokosea: wanahesabu walio hai. Mimi si wa pili, mwanangu, mimi ni wa nne. Kati yangu na shangazi yako wamelala wawili, kule mahameni tulikowaacha Operesheni ya vijiji ilipotuhamisha 1971. Mtoto akinyonya mpaka akaachishwa, anayemfuata huja baada ya miaka miwili na nusu. Akifa mchanga, mwaka na nusu. Jumlisha nafasi nne, kutoka shangazi yako kifungua mimba mpaka baba yako mdogo: ni miaka 8, shangazi yako ni wa 1953. Ukiwaruka wale wawili utapata 1956, umempunguzia mama yao miaka mitatu. Na kwa mwaka wa karani, alizaa akiwa na miaka 11!

Kuna saa nasema tuuache mwaka wa karani kama ulivyo, mirathi isije ikakwama kwa miaka kupishana. Lakini kaburi si fomu. Moyo wangu uko kwenye 1934, ila sitamtajia fundi. Bibi mdogo wa Mpwapwa ndiye aliyekuwa mgongoni, na kadi yake ya ubatizo anayo. Anza na mwaka wake yeye, halafu umuulize: alipoanza kumkumbuka dada yake, huyo dada alikuwa anaweza kazi gani? Fundi aache nafasi ya tarakimu nne.

Baba yako