Maktaba tatu za madirisha, duka moja la spea

Mjomba wangu ana duka la spea za pikipiki Ngamiani, Tanga, kule kwenye barabara za namba. Kompyuta ya kaunta ni Windows kuukuu. Ya stoo, niliyompelekea mimi, ni Linux. Programu ya mauzo niliiandika kwa Lua, lugha ndogo na nyepesi, maana ile mashine ya kaunta haibebi makubwa. Lua ilizaliwa Rio de Janeiro mwaka 1993, na mpaka leo haiji na dirisha wala kitufe. Ukivitaka, katafute mwenyewe maktaba, yaani msimbo ulioandikwa tayari na wengine. Hapo ndipo nilipopotezea miezi mitatu.

Kosa langu ni kwamba sikuchagua. Nilijiambia nitaandika tabaka langu la juu, chini yake nichomeke maktaba yoyote: IUP, wxWidgets kupitia daraja la wxLua, au GTK kupitia daraja la lgi. Programu ya mjomba iseme tu "nipe kitufe", tabaka lijue la kufanya. Vitufe vilikubali siku ya kwanza. Wiki nzima nikatembea kifua mbele.

Kisha likaja jedwali la bidhaa. IUP inakuambia andika kwenye seli kwa namba ya mstari na safu, mfano "3:2", basi. GTK 3 inataka ujenge kwanza modeli ya data pembeni, halafu jedwali liisome. Kila nilipozipatanisha nilibakiwa na kile tu ambacho zote tatu zinakiweza kwa namna moja, nacho ni kiduchu: jedwali lisilopangika, lisiloonyesha hata rangi nyekundu kwa spea zilizokwisha. Java ilishapita njia hiyo. AWT, maktaba yake ya madirisha ya mwaka 1995, iliazima vitufe vya kila mfumo endeshi, ikabanwa na vile tu vinavyopatikana kote, mpaka ikaja Swing inayochora vyake yenyewe. Nilifundishwa hayo chuoni, mtihani nikafaulu, kosa nikalirudia.

Lililonivunja mgongo ni swali dogo: "Futa mauzo haya?" IUP husimama, humngoja muuzaji ajibu, ndipo mstari unaofuata uendelee. GTK 3 nayo ilikuwa na njia ya kungoja hivyo. GTK 4, iliyotoka Desemba 2020, iliiondoa: unauliza, unaacha kazi (kipande cha msimbo chenye jina) ya kuitwa jibu likija, unaendelea na yako. Kwa hiyo kama huna budi kuandika tabaka, lijenge tangu mwanzo kwa mtindo wa jibu la baadaye. Maktaba inayongoja inaweza kuigiza isiyongoja. Kinyume chake ni taabu. (Lua ina korutini, yaani kazi zinazoweza kusimama katikati na kuendelea baadaye, zinazoweza kuficha taabu hiyo, ila ukimkabidhi kijana mwingine msimbo huo aurekebishe, mpe na Panadol.)

Wakati wa kuchagua, tazama kwanza daraja, yaani msimbo unaoiunganisha lugha yako na maktaba. Lua huongea na C. Maktaba ya C unaifikia bila kuzunguka sana. Qt, maktaba nyingine ya madirisha, na wxWidgets ni za C++, ambako kompaila huyapindua majina ya kazi, hivyo lazima mtu aandike daraja la katikati na alitunze kila toleo jipya linapotoka. Usiulize Qt inapendeza kiasi gani. Uliza nani analitunza daraja lake kwa lugha yako, na lini amelishika mara ya mwisho. Tanga tunaitwa waja leo waondoka leo. Madaraja ya lugha ndogo mengi yana tabia hiyo. GTK ina nafuu kwa kuwa kazi zake zimeelezwa kwenye mafaili ambayo lgi huyasoma programu ikiwa inaendeshwa, lakini kwenye Windows unabeba rundo la DLL, mafaili ya maktaba yanayosafiri na programu.

Nikabaki na IUP. Kwenye Windows hutumia vitufe vya Windows yenyewe, kwenye Linux hupitia GTK. Yaani lile tabaka nililokuwa nahangaika kuliandika lilishaandikwa, na katika chuo kikuu kilekile cha Rio kilichozaa Lua!

Langu limebaki faili moja lenye kazi tatu, zilizopewa majina ya shughuli za duka: fomu ya mauzo, jedwali la bidhaa, uliza. Nje ya faili hilo programu haimtaji IUP kabisa. Akija kufa, naandika upya faili moja.

Na usipange vitufe kwa pikseli. Siku moja mjomba alinipigia: "Mjomba, mashine ya stoo inaniambia 'Chapisha ris'. Ris ndiyo nini?" Ilikuwa "Chapisha risiti" iliyokatwa: fonti ya Linux ilikuwa pana kidogo kuliko ya kaunta. Nimefuta namba zote nikaweka hbox na vbox, visanduku vinavyopanga vitu kwa mlalo na kwa wima, kila kitufe kijipime kwa neno lake.