Kitabu cha pili usikipime kwa ladha ya cha kwanza

Ukimaliza riwaya ya upelelezi iliyokukosesha usingizi, inayofuata huwa unaifungua ukitaka utamu uleule. Ushauri wangu ni kuacha utamu kando kwanza, ujiulize yale ya kitabu cha kwanza yamemwachia mpelelezi nini. Kama hadithi imesimama juu ya historia ya kweli, swali hilo halikwepeki, maana miaka inasogea mwandishi apende asipende.

Chukua mfululizo wa C. J. Sansom kuhusu Matthew Shardlake, wakili mwenye kibyongo katika Uingereza ya Mfalme Henry wa Nane. Cha kwanza, Dissolution (2003), ni mwaka 1537. Thomas Cromwell, mshauri mkuu wa mfalme, anafunga monasteri, yaani nyumba za watawa. Kamishna wake mmoja anakutwa kakatwa kichwa katika monasteri ya pwani, na Shardlake anatumwa kuchunguza. Nje theluji, ndani watuhumiwa, na hakuna pa kukimbilia. Ukitoka humo ukaingia Dark Fire (2004) utaona kama kimetawanyika: London, 1540, joto kali, watu wanakimbizana wakisaka siri ya moto wa Kigiriki, silaha iliyounguza meli zama za dola ya Bizanti.

Mimi hata hivyo nakiweka cha pili juu. Shardlake wa mwanzo aliyaamini mageuzi ya dini. Huyu wa sasa ameshaona yanavyotekelezwa, na imani imemnyong'onyea. Ndugu Guy, mtawa aliyekuwa tabibu wa monasteri ile, Mmoor, yaani mwenye asili ya Waislamu wa Hispania, mzaliwa wa Malaga, sasa anauza dawa London kwa sababu monasteri yenyewe haipo tena. Sisi tuliomzoea Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, na kiko chake na msaidizi wake Najum, tunamkuta yuleyule kila tukifungua kitabu, na tunamtaka hivyohivyo. Shardlake anazeeka. Ni burudani ya aina nyingine.

Wala usiogope kusoma historia kabla ya riwaya. Cromwell alikamatwa tarehe 10 Juni 1540, akauawa 28 Julai. Sansom hafichi kitu hapo. Shardlake anapewa chini ya wiki mbili kumtafutia Cromwell ule moto, na wewe unayejua mwisho wa bwana huyo unasoma kila tarehe roho ikiwa juu.

Kinachopwaya ni moto wenyewe. Kuna sura nzima za kubisha hodi nyumba hii na ile, hapo soma haraka tu. Uzito uko kwenye kesi ya Elizabeth, binti anayeshtakiwa kumuua binamu yake, naye hafungui mdomo mahakamani. Sheria ya wakati ule ilikuwa kwamba anayekataa kujibu shtaka alazwe chini na kupangiwa vitu vizito juu ya mwili hadi ajibu au afe. Laiti angeachiwa yeye kitabu kizima!

Ukichoka katikati, usirukie cha tatu, Sovereign (2006), ingawa wengi watakuambia ndicho bora. Jack Barak, mtumishi kijana wa Cromwell mwenye mdomo mchafu, anaingia katika Dark Fire, na Shardlake anachukua muda mrefu kumvumilia. Ukiiruka safari hiyo, utawakuta katika mji wa York mwaka 1541 wakifanya kazi pamoja, usijue urafiki huo uliwagharimu nini.