Kamasi kwenye choo: je, bakteria wananila utumbo?

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 31, naishi Morogoro, nina watoto wawili. Mwezi uliopita niliambiwa nina taifodi, nikameza dawa mpaka nikamaliza dozi. Tangu hapo, siku nyingine nikienda haja naona ute mweupe kama kamasi juu ya choo. Jirani anasema ni uchafu ulioganda utumboni, ninywe dawa ya kusafisha tumbo. Halafu nimesoma kwenye simu kwamba kuna bakteria wanaokula ute wa utumbo wa mtu. Nimeogopa. Sasa nakula ugali wa sembe, mkate mweupe na chai tu, tumbo lisisumbuke. Niwaue hao bakteria kwa dawa gani? Na watoto niwape?
Mama wawili, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Dawa ya kusafisha tumbo usinywe, na antibayotiki nyingine usinunue. Naanza na hilo kwa sababu barua kama yako nazipata nyingi, na mara nyingi mtu ameshapitia duka la dawa kabla ya kuniandikia.

Ute huo si uchafu, umeutengeneza mwenyewe. Bila shaka umewahi kuosha utumbo wa mbuzi wa supu. Ukishaugeuza ndani nje na kumwaga mabaki yote, mkono bado unateleza. Unasugua kwa chumvi na limau, unasuuza, unasugua tena, na utelezi bado upo. Basi huo ndio ute wenyewe, na wewe unao vilevile. Seli maalumu kwenye ukuta wa utumbo hutoa protini iitwayo musini, ambayo imevikwa minyororo ya sukari kila upande. Ikikutana na maji inavimba na kuwa ute.

Kwenye utumbo mpana ute huu una matabaka mawili. Mwaka 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha Gothenburg huko Sweden, akiwemo Malin Johansson na Gunnar Hansson, walionyesha kwa panya kwamba tabaka la nje ni legevu na bakteria wamejaa humo, lakini lile la ndani, lililoshikamana na ukuta, ni zito kiasi kwamba bakteria karibu hawaonekani kabisa. Unene wake haufiki hata milimita moja, na ndilo linalowazuia bakteria wasiuguse mwili wako. Ute mpya hutengenezwa usiku na mchana, wa zamani hutoka na choo. Utumbo ukikasirishwa na ugonjwa au dawa, hutoka mwingi zaidi, nawe unauona.

Sasa hao wala ute. Ni kweli wapo. Anayejulikana zaidi ni Akkermansia muciniphila, aliyetambuliwa mwaka 2004 na watafiti wa Wageningen, Uholanzi. Chakula chake ni ute, na watu wengi wenye afya njema wanaye. Wenye unene uliopitiliza au kisukari cha aina ya pili mara nyingi huonekana kuwa naye kidogo. Hata panya waliolelewa bila bakteria yeyote tumboni, ute wao haukomai vizuri. Wakipewa bakteria, inachukua wiki kadhaa ndipo tabaka la ndani linaanza kuzuia kama inavyotakiwa. Kwa hiyo, mwanangu, hao unaotaka kuwaua ndio wanaosaidia kuujenga ukuta wako.

Shida inaanza wakinyimwa chakula. Wengi wao hula nyuzinyuzi za mimea, zile ambazo tumbo letu haliwezi kuzisaga, zikafika utumbo mpana zikiwa nzima. Wakizichachua hutoa asidi ndogondogo, mojawapo ni butireti, na seli za utumbo mpana huitegemea hiyo kwa sehemu kubwa ya nguvu zao, pamoja na kuchochewa kutoa ute. Nyuzinyuzi zikikosekana, baadhi ya bakteria hugeukia sukari nyingine iliyo karibu, ile iliyouvika ute wako.

Mwaka 2016 watafiti wa Michigan na Luxembourg walilijaribu hili kwa panya waliopandikizwa aina 14 za bakteria wa binadamu. Panya walionyimwa nyuzinyuzi, ute wao ulipungua unene kwa sababu bakteria waliutafuna. Walipoambukizwa vijidudu vya kuharisha, waliugua vibaya kuliko wenzao waliokula nyuzinyuzi. Panya si mtu, nakubali, lakini mimi nikiisoma barua yako, sembe na mkate mweupe na chai, naona chakula cha wale panya. Umetoka kwenye antibayotiki, ambazo hazichagui bakteria mbaya peke yake, kisha waliobaki ukawanyima chakula.

Ya watu ipo pia, tena ya hapa nyumbani. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti wa wanaume 77 wa mkoa wa Kilimanjaro. Wa kijijini waliohamishiwa vyakula vya kizungu kwa wiki mbili, dalili za mwili kujihami kana kwamba una ugonjwa zilipanda kwenye damu. Wa mjini waliorudishwa kwenye vyakula vya asili, zilishuka. Hawakupima ute, walipima damu, lakini wiki mbili tu zilitosha kuonyesha tofauti.

Basi rudi kwenye dona. Kula maharage, kunde, mbaazi, choroko, matembele, mchicha, uji wa ulezi, ndizi za kupika. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, na kikombe cha maharage yaliyoiva kinakupa zaidi ya gramu 10. Ila usianze na bakuli zima kesho asubuhi, tumbo litajaa gesi utalaumu maharage bure. Anza na vijiko vichache, ongeza kila baada ya siku mbili tatu, na maji ya kunywa yawepo ya kutosha.

Ute ukiendelea kwa wiki mbili nyingine, nenda kituo cha afya ukapimwe choo, maana amiba, minyoo na magonjwa ya utumbo yenyewe huleta kamasi pia. Ukiona damu, homa, unapungua uzito au tumbo linakuamsha usiku, usizisubiri hizo wiki mbili.

Watoto wape chakula hichohicho, kunde zikiwa zimeiva na kupondwa vizuri kwa yule mdogo. Antibayotiki usiwape bila kupimwa. Na mtoto akiharisha kamasi yenye damu, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, ukimnywesha maji ya ORS njiani.