Kabla hujachora meli, chora saa

Picha yangu ya kwanza ya vita vya baharini ilinichukua wiki mbili. Mzee mmoja, nahodha mstaafu, aliimaliza kwa swali moja. Nilikuwa nimechora shambulio la tarehe 20 Septemba 1914 katika bandari ya Unguja, manowari ya Kijerumani Königsberg ikiipiga Pegasus ya Waingereza. Mzee akaweka kidole juu ya anga langu la rangi ya chungwa: "Mwanangu, siku hizi jua linakuchwa alfajiri?"

Sikuwa na la kujitetea. Jioni pale Forodhani jua huzama baharini mbele ya macho yako, na picha karibu zote wanazouziwa watalii zina rangi hiyo, mkono ulishazoea. Lakini Königsberg ilikuja yapata saa kumi na moja alfajiri. Saa hiyo mwanga hutokea nyuma ya mji, na bahari ya magharibi bado ina rangi ya bati.

Kwa hiyo siku hizi, kabla ya kugusa meli, naandika pembeni mwa karatasi: saa, upepo, umbali. Septemba bado ni kusi, basi moshi uende kaskazini. Tena moshi gani? Pegasus ilikuwa imetia nanga, mashine zake zikitengenezwa, nami nilikuwa nimeifukizia dohani zote mbili kama inayokimbia. Nikafuta.

Umbali ndio uliniumiza zaidi. Nilizipanga meli ubavu kwa ubavu kama mashua za mashindano, kumbe Mjerumani alianza kupiga akiwa kama kilomita 8, na mizinga ya Pegasus haikumfikia. Königsberg ilikuwa na urefu wa mita 115 hivi. Nyoosha mkono, tazama ukucha wa kidole cha mwisho: kwa umbali ule, manowari nzima inafichika nyuma yake. Dohani zake tatu ni vijiti vitatu vya penseli, basi.

Mholanzi Willem van de Velde, yule baba, alifuata vita kwa chombo kidogo akichora huku mizinga inalia, na baadhi ya michoro amejichora mwenyewe humo chomboni. Mwaka 1674 mfalme wa Uingereza alimpangia pauni 100 kwa mwaka kwa kazi hiyo, na mwanawe 100 nyingine za kuitia rangi. Sisi tuliochelewa kuzaliwa tunafuata mabaki. Mizinga ya meli zote mbili iko Fort Jesus, Mombasa. Nenda na daftari, izunguke, uichore kutoka mdomoni pia, si ubavuni tu.

Picha ya pili nilimpelekea mzee yuleyule. Akakaa nayo kimya.

"Mjerumani yuko wapi?"

Nikamwonyesha.

"Mbali hivyo?"

"Ndiyo, mzee."

Akaomba miwani yake.