Karatasi inasema 1.04: kusoma majibu ya damu ya herpesi yasiyo huku wala kule

Karatasi ya maabara ina mistari miwili tu. HSV-1 IgG 3.8, chanya. HSV-2 IgG 1.04, na pembeni neno "Equivocal", yaani jibu tata. HSV-1 ni virusi vya herpesi ya mdomoni hasa, HSV-2 ni vya herpesi ya sehemu za siri, na IgG ni aina ya kingamwili, kinga ambayo mwili hutengeneza dhidi ya virusi. Dirishani mtu anaambiwa arudi baada ya miezi mitatu, basi. Daladala haijafika Igoma, hapa Mwanza, tayari ameshasoma kwenye simu kwamba hana kitu, kwamba anao wa maisha, na kwamba kuna mzizi unaoutoa. Hakuna hata moja kati ya hayo matatu lililoandikwa kwenye ile karatasi.

Tuanze na namba yenyewe, maana wengi wanaisoma kama wanavyosoma sukari au presha. Maabara inachukua seramu, yale majimaji ya njano yanayobaki juu damu ikishaganda, na kuitia kwenye kisima kidogo cha plastiki kilichopakwa protini ya virusi iitwayo gG-2. Kama una kingamwili dhidi ya HSV-2, zinanata hapo. Kisima kinaoshwa, kinatiwa kemikali inayozishika kingamwili zilizonata, kinaoshwa tena, halafu kinatiwa kimiminika kinachobadilika rangi. Mashine inasoma ukolevu wa rangi yako na kuugawa kwa rangi ya sampuli ya kulinganishia iliyokuja na boksi la vitendanishi, yaani kemikali za kupimia. Kwa hiyo 1.04 maana yake rangi yako imekaribiana sana na ile ya mpaka. Si idadi ya virusi, si asilimia, wala haisemi ugonjwa ni mkali kiasi gani. Mwenye 9 hana herpesi kali kuliko mwenye 4.

Kwenye vipimo vingi vya aina hii, chini ya 0.90 ni hasi, kuanzia 1.10 ni chanya, na katikati hapo ndipo penye utata. Ukilitazama boksi hilo kwa macho ya fundi wa maabara, utaona kwa nini tofauti ya 1.04 na 1.12 haistahili kumkosesha mtu usingizi. Kisima kisipooshwa vizuri, kemikali inabaki na rangi inapanda. Seramu yenye damu iliyovunjika, ile nyekundu badala ya njano, inaweza kuchafua usomaji. Vitendanishi vinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na umeme ukikatika mchana kutwa bila jenereta, friji haiwezi kuahidi hilo. Sampuli ile ile ikipimwa asubuhi na jioni inaweza kuvuka mpaka kwenda na kurudi. Ndiyo maana jambo la kwanza la kuuliza ni kama sampuli iliyoleta utata ilirudiwa kwenye visima viwili. Swali la pili: ilipimwa hapo hapo, au ilisafirishwa? Kama ilisafirishwa, jina la kipimo na mipaka yake viandikwe kwenye majibu. Karatasi yenye neno "chanya" bila namba irudishe dirishani uombe namba. Ni haki yako, na mara nyingi namba ipo kwenye mashine, ila haikunakiliwa.

Sasa linakuja jambo ambalo watu hawaambiwi: utata hauishii 1.09. Mwongozo wa mwaka 2021 wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, unaonya kwamba chanya za chini, kati ya 1.1 na 3.0, zithibitishwe kwa kipimo kingine kabla ya kumpa mtu jibu. Katika ulinganisho mmoja unaotajwa humo, chanya zilizo chini ya 3 zilipopelekwa kwenye Western blot, kipimo kinachochunguza kingamwili kwa undani zaidi, zilizosimama hazikufika nusu. Hata juu ya 3 si zote zilizosimama. Na kwetu huku ziwani lina uzito zaidi, kwa sababu tafiti za Rakai upande wa Uganda na Kisumu upande wa Kenya zilikuta vipimo vya kibiashara, vilivyotengenezwa na kupimiwa Ulaya na Marekani, vinatoa chanya za uongo nyingi zaidi kwa damu ya watu wa ukanda huu. Sisi tunamchukulia mwenye 1.6 sawa na mwenye 1.04: wote wawili bado hawajajibiwa.

Hesabu ndogo itasaidia. Tuchukulie kipimo kinachonasa 95 kati ya 100 wenye virusi, na kinachowakosea 10 kati ya 100 wasio navyo. Kwenye kundi la watu 100 ambamo 10 ndio wenye virusi, kitatoa chanya za kweli 9 au 10, na chanya za uongo 9 kutoka kwa wale 90 waliobaki. Nusu kwa nusu, kama kurusha shilingi. Kwenye kundi la watu 100 ambamo 60 wana virusi, kitatoa chanya za kweli 57 na za uongo 4. Kipimo ni kile kile, boksi ni lile lile. Kwa hiyo daktari akikuuliza idadi ya wenzi, kama umewahi kupata vidonda, kama mwenzi wako anavyo, usimwone mbeya. Anatafuta kujua namba yako imetoka kwenye kundi lipi.

Kabla ya kwenda mbali, hakikisha kwanza kwamba umepimwa kitu sahihi. Karatasi nyingi zinazozua ugomvi nyumbani hazihusu HSV-2 kabisa.

Ikiandikwa "HSV 1/2 IgG" kwa jumla, bila kutenganisha, chanya yake haina habari mpya. HSV-1, ile inayoleta vidonda vya homa mdomoni, watu wengi wanaipata utotoni kwa kubusiwa na kula pamoja. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 wanayo, na milioni 520 wa miaka 15 hadi 49 wana HSV-2. Mtu mwenye HSV-1 tangu darasa la kwanza atatoka chanya kwenye kipimo cha jumla mpaka uzeeni. Tena kuwa na HSV-1 kunaongeza uwezekano wa ile chanya ya chini ya HSV-2 kuwa ya uongo. Mtu wetu wa 3.8 na 1.04 yuko hapo hasa.

Ikiandikwa IgM, aina nyingine ya kingamwili, iweke pembeni. Wazo la kwamba IgM ni maambukizi mapya halifanyi kazi kwa herpesi: inaweza kutokea tena kila virusi vinapoamka, haitofautishi vizuri aina ya 1 na ya 2, na mara nyingine inatokea bila sababu yoyote. Hapa ndipo wanawake waliopoteza mimba wanapoumizwa, maana wanaandikiwa TORCH, kile kifurushi cha vipimo vya maambukizi yanayoweza kumdhuru mtoto tumboni, inatoka HSV IgM chanya, na kuanzia hapo mume anahesabu safari za mke za kwenda Kahama. Kipimo hicho hakiwezi kusema hayo. Hakiwezi kabisa.

Na mkanda wa jeshi ni virusi vingine, vile vile vinavyoleta tetekuwanga. Kuwa na historia ya mkanda hakuelezi chochote kuhusu HSV-2.

Baada ya hapo tazama kalenda. Kingamwili za IgG haziji siku ya pili. Kwa wengi zinaanza kuonekana kati ya wiki ya 3 na ya 12 tangu kuambukizwa, na kwa wachache zinachelewa zaidi. Wiki 12 zinahesabiwa kuanzia siku ya mwisho uliyokutana na mwenzi unayemtilia shaka, si kuanzia siku ya kutolewa damu. Aliyekutana tarehe 1 Machi na kupima tarehe 25 Machi amepima siku ya 24. Arudi tarehe 24 Mei au baada ya hapo. Akikutana naye tena katikati bila kondomu, saa inaanza upya. Kuna jambo moja linaloharibu kalenda hii: kumeza asaiklovia ya duka la dawa tangu wiki ya kwanza. Dawa inaweza kuchelewesha kingamwili kutokea, kwa hiyo mwambie daktari kama uliimeza, siku ngapi na kiasi gani.

Kipimo cha pili kifanyike maabara ile ile, kwa kipimo cha jina lile lile, la sivyo namba hazilinganishiki. Kutoka 1.04 kwenda 4.5 ni kingamwili zinazopanda, yaani maambukizi mapya. Kutoka 1.04 kushuka 0.6 ilikuwa rangi ya bahati mbaya. Ikibaki 1.0 au 1.2 baada ya wiki 12, usirudie mara ya tatu wala ya nne; hiyo ni damu yenye kitu kinachonata kidogo kwenye kisima, na itaendelea kunata hivyo hivyo. Hapo inatakiwa njia nyingine.

Njia nyingine ni kipimo cha mtengenezaji mwingine kabisa, kwa damu mpya. Kikitoka hasi, na wiki 12 zimepita, na hujawahi kuwa na kidonda, ishi kama mtu asiye nacho. Vikitoka chanya vyote viwili, hasa kwa namba za juu, amini. Western blot, inayohesabiwa kuwa mwamuzi, inafanywa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, na kwa mtu wa Nyamagana au Sengerema ni gharama na usumbufu ambao hatuwezi kuupendekeza kwa kila mtu. Nayo pia ina siku zake za kusema haijui.

Kwa Mwanza, njia tunayoiamini kuliko zote ni kidonda chenyewe. Kikitokea kitu, hata mchubuko mdogo unaowasha, nenda siku hiyo hiyo au kesho yake. Baada ya siku mbili tatu malengelenge yanapasuka na kukauka, na gamba halina virusi vya kutosha. Mhudumu anapasua lengelenge, anasugua chini yake kwa kijiti chenye pamba, kwa nguvu kiasi cha kukufanya ukunje uso, na kijiti kinakwenda kupimwa kwa PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya virusi vyenyewe. Kupangusa juu juu hakutoshi. PCR ikitoka chanya na kutaja aina, mjadala wa namba umekwisha. Ikitoka hasi kwenye kidonda kikavu, haijamaliza kitu. Piga simu kwanza kuuliza nani anapima, kwa sababu si kila kituo kina PCR ya herpesi. Anza na hospitali kubwa kama Bugando au Sekou Toure, waulize wanapima au wanatuma wapi. Usipake GV wala krimu kabla ya kuchukuliwa sampuli. Rangi ya zambarau inaficha sura ya kidonda kwa yeyote atakayekitazama baadaye.

Siku hiyo hiyo upimwe kaswende na VVU. Kidonda kimoja kisichouma kinaweza kuwa kaswende, ambayo inatibika kwa sindano ya penisilini na inaua watoto tumboni isipotibiwa; ni aibu kuikosa kwa sababu mtu alikuwa anashughulika na 1.04. Mwanamke aliyekulia kwenye majaruba na madimbwi ya Misungwi au Kwimba amwambie daktari. Kichocho cha mkojo kinaacha vidonda na damu ukeni, na tumeona kinavyobandikwa jina la zinaa bila kosa.

Je, umeze dawa kwa sababu ya karatasi tata? Hapana. Asaiklovia ina kazi yake: miligramu 400 mara tatu kwa siku kwa siku 7 hadi 10 kwa mlipuko wa kwanza, siku 5 kwa unaojirudia, na 400 mara mbili kila siku kwa mwenye milipuko ya mara kwa mara, kwa maelekezo ya daktari. Haisafishi damu na haibadilishi namba. Wapo wanaoimeza wakidhani inawakinga na VVU, kwa kuwa HSV-2 huongeza hatari ya kuambukizwa. Hilo lilijaribiwa hapa hapa kanda ya ziwa, kwa wanawake wanaofanya kazi kwenye baa na nyumba za wageni, 400 mara mbili kwa siku, na majibu yaliyotoka mwaka 2008 yalionyesha haikuwakinga.

Nyumbani, mwambie mwenzi wako vile ilivyo: "Nimepima, jibu halijakamilika, narudia tarehe fulani, mpaka hapo tunatumia kondomu." Kondomu inapunguza, haizuii yote, kwa kuwa virusi vinatoka hata kwenye ngozi isiyofunikwa. Naye apime, kwa kipimo kinachotenganisha aina. Hata namba yake ikiwa 8, haisemi alivipata lini wala kwa nani. HSV-2 inaweza kukaa miaka kumi bila kidonda kinachoonekana. Anayetafuta mkosaji kwenye karatasi ya IgG anatafuta sindano kwenye maji ya ziwa.

Mjamzito ampe mkunga karatasi yote, ikiwa na namba na tarehe. Hatari kubwa kwa mtoto ni mama kuambukizwa kwa mara ya kwanza miezi mitatu ya mwisho, kwa hiyo kama mwenzi ana herpesi na majibu ya mama ni tata, miezi hiyo mitatu waache kukutana, mdomo ukiwemo. Jibu tata peke yake si sababu ya upasuaji. Kidonda wakati wa uchungu, au ule mwasho na maumivu ya kuchoma yanayokitangulia, ndio sababu, na mkunga aambiwe mlangoni kabla hajaanza kupima njia.