Kwa nini mfamasia alizuia sindano ya mama?

Swali: Daktari, shikamoo. Mama yangu alilazwa katika hospitali moja hapa Dar es Salaam baada ya kuvunjika mguu, na akiwa wodini akaanza kusikia maumivu wakati wa kukojoa. Daktari wa zamu alimwandikia sindano za meropenemu, lakini mfamasia akairudisha karatasi, akasema mkojo uoteshwe kwanza maabara, yaani bakteria waliomo wakuzwe ili wajulikane, kisha daktari bingwa atie saini. Mama akapewa vidonge vya bei nafuu. Je, tulinyimwa dawa nzuri? Msomaji, Mbagala.

Jibu: Marhaba, na pole kwa kuuguza. Hamkunyimwa. Meropenemu huua bakteria wa aina nyingi kwa pamoja, wakiwamo wasio na madhara wanaoishi tumboni, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu wale wachache walio sugu, yaani wasiouawa na dawa, hubaki peke yao, huongezeka, na hata huwagawia bakteria wengine vinasaba vya usugu wao, kisha husafiri kutoka kitanda hadi kitanda kwa mikono isiyonawa na kwa mipira ya mkojo. Tumekwisha kuyaona haya kwa seftriaksoni, sindano iliyozoeleka kiasi kwamba wagonjwa wenyewe huiomba: bakteria kama E. coli na Klebsiella hutengeneza vimeng'enya vinavyoivunja, ndiyo maana madaktari hulazimika kukimbilia meropenemu. Nayo ikishindwa, hubaki dawa chache kama kolistini, ambayo inaweza kuumiza figo.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilizigawa dawa za kuua bakteria (antibiotiki) katika makundi matatu: za kuanzia, za kutumiwa kwa uangalizi, na za akiba. Seftriaksoni na meropenemu zote zimo katika kundi la uangalizi.

Hata hivyo, mgonjwa ambaye maambukizi yamemlemea mwili mzima, anayehema kwa kasi na presha yake inashuka, hasubirishwi saini. Achukuliwe damu ya kuotesha, achomwe sindano yenye nguvu saa hiyohiyo, na majibu yakitoka baada ya siku mbili au tatu dawa ibadilishwe ikibidi. Naomba pia niseme wazi kwamba kufunga kabati la dawa huku maabara haioteshi ni kumwonea daktari wa zamu, maana anakatazwa kubahatisha bila kupewa njia ya kujua.

Majibu ya mkojo wa mama yaombeni, myatunze pamoja na kadi yake, ili akiugua tena daktari aanzie hapo.